Jumamosi za Onchari

Suneka, Jumapili

"Mshambuliaji aliyezunguka timu zote hizo hakutakiwa popote." Ndivyo alivyosema leo Nyakundi, mwenyekiti wa timu yetu, akipinga Onchari awe kocha. Upuuzi! Asiyetakiwa huitwaje Mwanza, kisha Kampala, kisha Lusaka? Kamati ikampigia makofi hata hivyo. Kesho wanapiga kura.

Lakini nilitoka pale na swali linaniwasha. Mabao alifunga kila alikokwenda. Mbona basi alihamahama?

Jioni nikamfuata shambani kwa mama yake. Alikuwa akikata ndizi.

"Omogaka, mzee wangu, sikufukuzwa," akaniambia. "Nikifika timu mpya nasema mapema: Jumamosi niko kanisani. Wanakubali. Nikishafunga mabao, wananipanga Jumamosi. Nafungasha."

"Hata Lusaka?"

"Huko walinikata mshahara, nikavumilia. Wakanipanga tena." Akacheka. "Mama alidhani nagombana na watu."

"Na Nyakundi hukumweleza?"

"Hajaniuliza."

Hajauliza! Na Nyakundi ni mzee wa kanisa hilo hilo la Wasabato. Duka lake hufungwa Ijumaa kabla jua halijazama.

Nina hofu, nakiri. Ligi yetu ikihamishiwa Jumamosi, Onchari atatuacha. Afadhali tumpoteze hivyo kuliko kumkosa kwa uongo.

Nyakundi, nanyi wanakamati mliopiga makofi: kesho kabla ya kura, mwambieni Onchari usoni ni Sabato ipi mlitaka acheze.