Babu, Ulikuwa na Dada

Babu yangu,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike hapa Croydon, London, na leo nakuandikia kwa sababu kichwa changu hakitulii. Kama ungekuwa bado kwenye kile kiti chako cha dirishani ningekuvamia na maswali hadi ukasirike. Sasa sina wa kumuuliza.

Acha nianze na ninayoyajua.

Najua ulifika Tanga kutoka Ujerumani ukiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, fundi wa mitambo ya mkonge, na begi moja tu mkononi. Najua baadaye ulikwenda kuchimba visima Singida, ukilala juu ya lori kwa kuogopa simba, na kwamba kisima kimoja kilikugomea siku kumi na tisa. Siku ya ishirini maji yalipobubujika, uliingia topeni na viatu vyako ukacheza na akina mama waliokuwa wakingoja na ndoo. Najua kuna nyati aliyekufukuza ukapanda juu ya tangi la maji, ukakaa huko tangu asubuhi hadi alasiri ukimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kijerumani. "Nadhani alikuwa Mkatoliki," ulikuwa ukituambia, "na mimi Mlutheri. Ndiyo maana hatukuelewana."

Na habari ya Bibi naijua kama jina langu. Ulipelekwa zahanati ya misheni pale Muheza ukiwa hoi kwa malaria, yeye akiwa muuguzi. Ulipopata nguvu ukaenda kumposa. Baba yake akakusikiliza, kisha akamwambia mkalimani wako, "Mwambie arudi siku atakayoweza kubishana nami yeye mwenyewe." Ukaenda kukaa sokoni na wauza machungwa miezi minane. Ukarudi, ukabishana, ukapewa mke. Ndiyo maana mpaka mwisho Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni. Hata ulipokuwa ukisali mezani, ungedhani unamwomba Mungu apunguze bei.

Bibi alipofariki, Mama akakuleta kwake huku, maana alikuwa amekwisha kuwa muuguzi wa Croydon kwa miaka mingi. Unakumbuka tulivyokwenda pamoja ile ofisi ya uhamiaji? Ulipoulizwa kama unahitaji mkalimani ukasema ndiyo, wa Kiswahili. Dada aliyekuwa akituhudumia akaitazama pasipoti yako ya Kijerumani, akakutazama wewe, akanitazama mimi.

"Ni babu yangu," nikamwambia.

Nawe ukanivuta mkono. "Mwambie mimi ni mtu wa Muheza."

Nilicheka siku nzima. Sasa nikiikumbuka siku hiyo sijui kama nicheke.

Maana tulipokuwa tukikusanya nguo zako, Mama alikuta bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti lako la baridi. Barua ya Kijerumani, mwandiko wa mtu mzima, na anwani nyuma. Jina: Gerda. Mama akadhani ni mwanamke wako wa zamani. Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi nikaandika kwenye ile anwani kwa Kiingereza, maneno machache tu: kwamba umefariki, na kwamba mimi ni mjukuu wako.

Baada ya wiki mbili simu ikalia. Sauti ya bibi kizee, Kiingereza cha kuokoteza. "Unasema wewe ni mjukuu? Mjukuu wa nani?"

Babu, ulikuwa na dada! Wewe uliyetuambia kwamba kwenu walikufa wote, ukabaki peke yako. Nilipokuwa mdogo nikikuuliza, "Ujerumani kukoje, Babu?" ulijibu, "Baridi," ukaniomba nikuletee miwani.

Juzi nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Sikuhitaji kuinua karatasi yenye jina lake. Masikio yake ni yako, na anavuta mguu wa kushoto vilevile kama wewe. Alinishika uso kwa mikono miwili katikati ya watu na mizigo yao, akanitazama. Njia nzima ndani ya treni alikuwa akinitazama kwa kuibia.

Amekuja na barua zako zote, moja kwa kila Krismasi, zimejaa mfuko wa dukani. Jana mchana tulikaa mezani, yeye, Mama na mimi, akawa anatusomea na kutafsiri. Visima vimo. Nyati yumo. Tope la Singida limo. Bibi hayumo. Mama hayumo. Wajomba zangu wawili hawamo. Kuna mahali umeandika, "Nyumba yangu ina kelele nyingi," na Gerda akatuambia kwamba miaka yote hiyo yeye alidhani unaishi kwenye nyumba ya wageni.

Kisha akafika kwenye barua ya mwaka uliohamia huku. "Nimekuja London," akasoma. "Nakaa kwa rafiki."

Mama akasogeza kiti nyuma. "Rafiki," akasema kwa Kiswahili. "Mimi niliyemwogesha." Akatoka, akafunga mlango wa chumba chake.

Nilimuuliza Gerda, kwa nini? Akasema baba yenu alikuwa mtu mkali, na siku unaondoka alikuapia kwamba ukioa ugenini usirudi kwake. Nikashika hapo, nikaona nimepata jibu. Halafu akaongeza kwamba baba yenu alikufa yapata miaka arobaini iliyopita. Sasa hiyo miaka arobaini ulikuwa ukimwogopa nani, Babu?

Jioni Mama alitoka, macho mekundu, akapika wali na maharage. Tukaketi kula. Gerda aliomba nimwandikie majina yetu sote, nami nikamwandikia: watoto, wajukuu, vitukuu, kumi na tisa. Akayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, akiyavunjavunja, akirudia mpaka nimkubalie. Alipomaliza akaikunja karatasi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mimi? Kuhusu mimi alikuwa akisema nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba jina lake tulilikuta kwenye mfuko wa koti la marehemu?

Mama ndiye aliyejibu. Mama, ambaye tangu mchana hakuwa amemwelekezea neno hata moja. Akamgeukia, akamwambia kwa kile Kiingereza chake cha wodini, cha taratibu:

"Alikuwa akikutaja kila Krismasi. Alisema wewe ndiye uliyekuwa na akili kumshinda."

Gerda alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Mama akamwongezea wali.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, mbona umemdanganya?"

"Ana miaka themanini na moja. Ulitaka nimwambieje?"

"Na sisi je? Sisi alitutaja kwa nani?"

Mama akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja. "Yeye alikuwa na barua," akasema. "Sisi tulikuwa na mwenyewe."

Nimelilalia neno hilo na kuamka nalo. Kuna saa linanitosha kabisa. Kuna saa linaniudhi, maana aliyepaswa kusema kitu ni wewe. Sijui kama ulituonea aibu mbele ya ndugu zako, au uliwaonea wao aibu mbele yetu, au ulikuwa mtu mmoja aliyegawanyika vipande viwili akaogopa kuviunganisha. Gerda anaondoka Jumamosi, na Mama amekwisha kumwambia arudi Pasaka.

Pumzika, Babu. Nakupenda, na nimekukasirikia, na sijajua kipi kitangulie.

Mjukuu wako,
mtoto wa binti yako