Muuza nyasi avuliwa viatu

Shoga, weka sufuria chini kwanza. Unamjua wifi yangu na kituo chake cha kulelea watoto?

Leo kaletewa nyasi bandia za uani. Jumatatu vichanga vyake vinaanza kutambaa humo, kwa hiyo akamuuliza muuzaji, "Hizi ni salama, baba?"

Jamaa kifua mbele: "Salama kabisa, mama! Watoto, paka, mbwa, wote walale humo!"

Ilikuwa saa saba, jua la utosi, nyasi zimeshatandazwa uani. Mbwa wa jirani akakanyaga mara moja tu, akaruka nyuma kama kamwona mama mkwe.

Wifi hakubishana. "Vua viatu, baba."

"Viatu?"

"Na soksi."

Shoga, VIATU NA SOKSI! Mtu mzima na tai yake! Akasimama juu ya nyasi akitabasamu. Kabla tabasamu halijakauka, anacheza ngoma isiyo na mpigaji! "Joto... la kawaida... mama!"

Wifi, mkavu: "Basi tambaa kidogo. Wangu hawajaanza kutembea."

Jamaa akaomba maji. Kaletewa gilasi, hakunywa hata tone. Kajimiminia yote miguuni!

Nyasi kazikunja mwenyewe, bila kuambiwa.