Vidole Vifupi Kwenye Kinanda

Mjukuu wangu Skolastika,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku Kinole. Mama yako amepona homa.

Unauliza kama vidole vifupi vitakuzuia kupiga piano. Enzi za Mjerumani nilijifunza kinanda misheni pamoja na dada yangu Agata. Mkono wake ulifikia vibao vinane, wangu sita. Padri akamchagua yeye apige Pasaka, nami wivu ukaninyima hata usingizi. Nikabuni njia yangu: nagusa sauti ya chini, kisha naruka haraka juu.

Agata akanisikia. "Mbona kwako inapendeza hivyo? Nifundishe."

Nikamfundisha, roho ikiniuma.

Pasaka walimsifu yeye. Nilimwonea wivu zaidi, maana kanisa zima lilikuwa linasikiliza vidole vyangu.

Bibi yako,
Apolonia