Pigo la Mvuke

Jumapili, 5 Oktoba
Sur, mji wa pwani. Chai ya maziwa ya kibandani, kofia, viatu vizito, kuingia kiwandani. Kazi ile ile: kulifuata bomba la mvuke kwa miguu, kutoka boila mpaka turbini inayozungushwa na mvuke, na kukagua kila kishikilio kinacholibeba. Bomba nene kuliko kiuno changu. Kiwanda kinafua umeme na kusafisha maji ya bahari. Sehemu hii mpya haianzi kazi mpaka ofisi yetu ya usalama ikubali. Ofisi yetu, hapa, maana yake mie.

Khalfan ndiye mudiri, msimamizi wa mitambo yote. Tulisoma chuo pamoja. Kwao Pemba, kwetu Unguja, tukibaki wawili Kiarabu tunakiweka pembeni. Mtu mzuri. Ana haraka.

Jumatatu, 6 Oktoba
Kutwa nasoma mahesabu yao. Wamepima uzito, joto, hata tetemeko la ardhi. Hawakupima pigo. Turbini ikikatika, yaani ikijizima ghafla, vali iliyo mlango wa mvuke inajifunga kufumba na kufumbua, na mvuke uliokuwa mbioni hauna pa kwenda. Unarudi nyuma na kulipiga bomba kwa ndani kama nyundo.

Khalfan kasema wasanifu waliona haina haja. Nimesema ina haja. Tujaribu, kwa nguvu ndogo. Kakubali. Hakufurahi.

Jumatano, 8 Oktoba
Tumejaribu. Bomba limeruka. Si kutikisika, kuruka. Vumbi likatumwagikia usoni. Kishikilio kimoja kimepasuka. Na ile ilikuwa nguvu ndogo.

Nimeandika: mtambo usiwashwe mpaka vishikilio vyote vibadilishwe. Vipya vinatoka nje, vitachukua miezi. Khalfan kanifuata mpaka kwenye gari.

"Asya, mtambo wa zamani umekufa. Mji wa Jalan wote unakunywa maji ya kuletwa na magari. Unalijua hilo?"

"Nnalijua."

"Basi nipe njia."

Sina njia. Nna hesabu tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekuja mji wa Ibra, kwa mama. Baada ya chakula shangazi kapiga simu kutoka Jalan Bani Bu Hassan. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

"Eti ndiwe unayetunyima maji?"

Nani kamwambia? Kila mtu, inaonekana. Gari la maji halijafika mtaani kwao. Mumewe hawezi kuinuka kitandani. "Nnamwosha kwa maji ya chupa, mwanangu. Mtu mzima, kwa maji ya chupa."

Nikamweleza habari ya vishikilio. Upuuzi, mbele ya dhiki ile. Mama kasikia yote, kanipakulia wali ambao sikuuomba. Nimeona haya. Na hasira pia, sijui juu ya nani.

Jumapili, 12 Oktoba
Mkuu wangu kapiga simu. Hakuniamrisha. Bora angeniamrisha. Kasema watu wana dhiki, tafuta kati na kati.

Nimekaa na Khalfan mpaka alasiri. Tumeafikiana. Mtambo uende nusu ya nguvu. Uzio pande zote za bomba, mtu asipite chini yake wakati lina mvuke. Kila kitu kiendeshwe kutoka chumba cha kuongozea mitambo, mbali na bomba. Turbini ikikatika, kila kitu kizimwe mpaka nije nikague. Ruhusa ya muda.

Nimetia saini. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu.

Jumanne, 14 Oktoba
Maji yamefika Jalan. Shangazi kanitumia sauti kwenye simu, anacheka, ananiombea dua mimi na kizazi changu. Nyuma yake maji yanasikika yakimwagika ndooni. Nimeisikiliza tena na tena. Labda ndivyo inavyokuwa. Labda inatosha.

Bado nahesabu upya kiungo kimoja, pale kona bomba linapopinda. Kwa nusu ya nguvu kinabeba. Kwa shida tu kinabeba.

Jumatano, 22 Oktoba
Khalfan amefariki.

Siwezi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Niandike.

Jana umeme wa nje ya kiwanda uliyumba. Turbini ikakatika, vali ikajifunga. Kishikilio cha kona kikavunjika, bomba likalala, kiungo kikaanza kuvuja. Hapo sharti ni kuzima. Vijana wa zamu walitaka kuzima. Khalfan akasema ngojeni. Kuzima maana yake Jalan kurudi kwenye magari. Akaona vali ya kufungwa kwa mkono iko karibu na panapovuja, ataifunga, sehemu iliyobaki itaendelea kusafisha maji. Hakumtuma mtu. Alifungua uzio, akaingia mwenyewe. "Dakika tu," aliwaambia.

Mvuke mkali hauonekani. Unasikika tu. Kiungo kilipasuka akiwa chini yake.

Ule uzio niliuchora mimi. Ulimzuia kila mtu isipokuwa mwenye ufunguo.

Mkuu kasema nilifuata utaratibu. Nikakata simu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Azaa ya Khalfan, Sur, watu wamekuja kuhani. Wanaume kwenye majlisi, sebule ya wageni, sisi ndani na Zuwena, mke wa Khalfan. Kahawa, halua ambayo hakuna aliyeigusa. Wanawake wakanipisha nipate pa kukaa. Hapana aliyenilaumu. Nilitaka mmoja anilaumu.

Shangazi alikuja kutoka Jalan. Kalia kuliko wote. Hakunitazama.

Jumanne, 28 Oktoba
Ruhusa nimeifuta. Kiwanda kimya. Ripoti imekwenda kwa mkuu. Nimeandika kuwa ruhusa ile haikustahili kutolewa, na aliyeitoa ni mimi. Kanirudishia, kataka niseme tu "ofisi iliamua." Nimeirudisha vile vile. Kasema nitajiharibia. Huenda.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekwenda kumtazama Zuwena. Yumo edani, kavaa nguo nyeupe ya nyumbani, watoto wako skuli. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za watoto, za joto linalopungua.

Halafu kaniomba nimweleze. Wote wanamwambia ajali, kadari, kasema. Kadari anaijua. Anataka kujua bomba linamuuaje mtu.

Nikamweleza polepole, bila maneno ya kazi. Mvuke unavyokimbia, mlango unavyofungwa mbele yake, unavyorudi. Chuma kinavyochoka. Akasikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Kwa hiyo ilikuwa mara moja," kasema. "Hakuumia."

"Sijui, Zuwena."

"Wewe ndiye muhandisi. Sema hakuumia."

Kazi yangu yote ni kutosema nisichokipima.

"Hakuumia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai nyingine.