Bila Kugusa Breki

Jumamosi, jioni. Bweri, Musoma.

Upepo wa ziwani unavuma tangu asubuhi na mapazia hayajatulia. Mimi pia sijatulia. Nimekunywa dawa za moyo, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Daktari aliniambia nipange mambo yangu mapema. Mengi nimeyapanga. Hili la leo bado.

Mnaonisoma siku nyingi mnakijua kijiwe chetu: wapenda magari wachache ambao Jumamosi tunatoka Musoma kwa msafara hadi Bunda, tunakunywa chai, tunabishana, tunarudi. Masatu, mfanyabiashara wa sangara, ana Forester yenye turbo. Wambura, wa machimbo ya Buhemba, ana SUV ya kasi, ndefu kwenda juu kama ghorofa. Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, nina Swift Sport ya gia za mkono, iko chini kama kiatu. Msimamo wangu mnaujua: kigari chepesi kilicho karibu na ardhi kinakata kona vizuri kuliko gari zito la bei mbaya.

"Mwalimu, hicho kiatu kikiingia mashimo ya Buhemba tutakuja kukuchimba na sururu," Wambura alisema leo.

"Na wewe ukikata kona, abiria wanaanza kusali," nikamjibu.

"Mwacheni mzee," Masatu akacheka. "Zamani alikuwaga anashuka kubishana. Siku hizi anatuhutubia dirishani kama mkuu wa wilaya."

Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Ukweli ni kwamba siwezi kutoka garini. Kiti kiko chini mno na magoti hayaninyanyui tena. Nyumbani nasubiri geti lifungwe, kisha najivuta nje kwa kushika mlango, natangulia kwa mikono kama mtoto anayetambaa. Nimebishana miaka yote kwamba gari zuri ni la chini. Nitaombaje kuvutwa mkono mbele ya Wambura?

Hiyo ni aibu tu. Kilichofuata ni kibaya zaidi.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na kuingia Bweri, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Niliwaona mapema kabisa. Nikataka mguu wa kulia uende kwenye breki.

Haukwenda.

Ulibaki juu ya pedeli ya mafuta, mzito, kama mguu wa mtu mwingine. Nikavuta usukani kwa woga. Gari likapita kati ya ndama na mtaro. Mchunga ng'ombe akajirusha kwenye majani. Niliuona uso wake, na mpaka sasa nauona.

Masatu alikuwa nyuma yangu. Nilipofika nyumbani, ujumbe wake wa sauti ulishafika kwenye kundi letu la simu: "Jamani, mzee kapita katikati ya ng'ombe bila kugusa breki! Bila kugusa breki! Wambura, kwa lile ghorofa lako leo tungekula nyama."

Wambura akaandika: "Nimekubali. Kigari kimeshinda."

Maneno hayo nimeyasubiri miaka. Nikajibu: "Fizikia haidanganyi."

Fizikia haidanganyi. Nimedanganya mimi.

Rhobi, mjukuu wangu ninayeishi naye, aliisikiliza sauti ile akicheka. "Babu, kumbe bado wa moto!" Kesho tunakwenda Butiama kumbatiza mwanawe. Dereva ni mimi. Rhobi na mtoto watakuwa nyuma, pamoja na mama wa ubatizo. Na ng'ombe wa njia ile hawapumziki Jumapili.

Rhobi ana leseni, lakini sijawahi kumwachia usukani. Nilimwambia hajui klachi. Anajua. Niliogopa kwamba siku nikitoka kwenye kiti kile, sitakirudia.

Masatu, Wambura, mtasoma hapa: sikukwepa kwa ufundi. Mguu ulikufa ganzi na Mungu akasaidia. Bado naamini Swift inawashinda, lakini ushahidi wa leo ufuteni.

Kabla ya kuandika aya hii nilimwita Rhobi kutoka jikoni, nikamweleza mguu ulivyonifanyia. Hakucheka. Alichukua funguo mezani, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Na ndani ya hilo gari unatokaga vipi, Babu?"

Nikamwambia.

"Basi kesho nitakuvuta mbele ya kanisa zima. Atakayecheka acheke."

Amerudi jikoni. Moyo bado unakwenda mbio, na mguu wa kulia, hapa chini ya meza, unabonyeza sakafu wenyewe. Sasa ndiyo unaitafuta breki.

Kesho nitakaa kushoto. Sijui mikono nitaiweka wapi.