Ghala Lililovishwa Koti

Ardez, Engadina ya Chini,
Uswisi.
9 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba Tumasch,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje, na usingizi umerejea tangu Mkaza Mjomba Graciela alipotutoka? Huko Montevideo mnaelekea majira ya joto. Huku theluji imekwisha kushuka hadi kwenye misonobari iliyo juu ya kijiji. Mama amepona goti. Mkongojo anauchukua bado, ila kwa ajili ya kugombania kiti kanisani. Mama Mkubwa Mengia anapasua kuni mwenyewe, na ole wake atakayemwonea huruma.

Nina furaha kukuarifu kwamba nimetunukiwa shahada ya uzamili katika uhifadhi wa majengo ya kale, na kwamba kazi ya kwanza kukabidhiwa chini ya jina langu ni nyumba yetu wenyewe. Mama Mkubwa ameagiza lipu ya nje ikarabatiwe, nami ndiye msimamizi. Laiti ungeniona nimesimama kwenye jukwaa la ujenzi kando ya fundi Fadri, kalamu sikioni!

Hata hivyo, lipo jambo linaloninyima utulivu, nalo naomba ulisome polepole.

Saruji iliyopakwa zama za Babu ilikuwa imefungia unyevu ndani ya mawe, hivyo tuliibandua yote. Mahali pake tunapaka lipu ya chokaa iliyochanganywa na chembe za mawe yaliyochomwa yakaumuka kama bisi. Ni nyepesi, huuacha ukuta upumue, na huzuia joto la ndani lisitoroke. Unene wake ni kama upana wa kiganja. Ningeweza kuitetea mbele ya jopo lolote la wataalamu. Lakini Mama Mkubwa hakuiagiza kwa sehemu tunayokaa. Ameiagiza kwa ghala.

Ghala, Mjomba! Upande ule wa nyumba ulioachiwa wewe katika urithi, ambamo binamu Curdin huweka nyasi kavu za ng'ombe wake. Nyasi hazihitaji koti. Zinahitaji upepo, ndiyo maana Babu aliacha matundu ukutani. Zikifungiwa zikiwa na unyevu, huoza, au hujichemsha zenyewe mpaka zikashika moto. Nani basi hupasha joto mahali pasipo na wa kuona baridi?

Nilipomuuliza Mama Mkubwa kama umeridhia, alinijibu kwamba mlizungumza kwa simu ukasema, "Tengenezeni lipu, mimi sina neno." Jibu hilo lilinizidishia shaka. Mtu aweza kuridhia lipu bila kujua ni lipu gani.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Curdin. Mwezi Oktoba, wakati ghala lilipaswa kujaa hadi darini, alihamishia nyasi zake zote kwa jirani. Haukupita muda, akaonekana mgeni mwenye lafudhi ya Zurich akipima kwa utepe mahali ambapo hapajawahi kuwa na dirisha. Unajua yaliyoyapata maghala ya mtaa wa chini: leo ni nyumba za likizo, na madirisha yake hayafunguliwi ila wakati wa Krismasi. Nikahitimisha kwamba ghala lako liko sokoni nawe huna habari.

Nilimwendea Fadri, aliyekuwa akikoroga chokaa.

"Fundi, umeziba matundu yote ya upepo, ukaacha moja kubwa kama dirisha. Ni la nani?"

"Dirisha gani, binti? Mimi naona ukuta."

"Nakuuliza kama msimamizi wako."

"Nami nakujibu kama fundi. Napaka ninapolipwa kupaka, nanyamaza ninapolipwa kunyamaza. Na kazi hii ya kunyamaza ina nyongeza ya supu ya shayiri!"

Curdin ndiye aliyenikera zaidi. Alicheka hadi akajishika mbavu.

"Mheshimiwa msomi, yaani mimi ndiye dalali? Mimi nimefukuzwa! Nyasi zangu ziko kwa watu, na kodi nalipa kwa jibini. Kamuulize mama yako mkubwa. Ila vaa kofia ya chuma kwanza."

Niliingia ghalani bila kubisha. Sakafu ilikuwa imefagiwa na kupigwa mbao mpya. Mbele ya lile tundu kilisimama kitanda chako cha ujana, kile ulichokichonga-chonga kwa kisu ubavuni, kikitazama mnara wa kanisa. Mama Mkubwa alikuwa ameketi juu yake, kiganja ukutani, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama Mkubwa, nani atakaa hapa?"

"Miaka yote hiyo ya chuo, kumbe hawakukufundisha kupiga hodi."

"Nani?"

"Baada ya mazishi nilimwambia Tumasch arudi nyumbani. Akasema baridi. Kila mwaka ni baridi. Walipokuja yeye na Graciela Krismasi ile, wakalala na makoti, baridi! Haya, baridi nimeiondoa, na fundi wa Zurich amekwisha kupima dirisha. Sasa tuone atasema nini."

Nilimuuliza kwa nini hakukueleza wazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mtego haufungwi kengele.

Kwa hiyo, Mjomba, mashaka niliyokuwa nimewagawia watu wa hapa nimelazimika kuyakusanya, wala sina pa kuyapeleka ila kwako. Niwie radhi kwa kuuliza lisilonipasa: ilikuwa baridi kweli?

Ukimya wako utatuponza. Chokaa huogopa barafu, hivyo Fadri ameufunika ukuta kwa magunia, na tabaka la mwisho litangoja mwezi Mei. Siku ya kulipaka, kama ilivyo ada yetu, jina la mwenye jengo hukwaruzwa juu ya mlango lipu ikiwa mbichi. Mama Mkubwa ameagiza nafasi iachwe, na hataki mkono mwingine ushike msumari isipokuwa wako. Lipu mbichi haimngoji mtu hadi jioni.

Ikiwa huna nia ya kurudi, niambie mimi kabla dirisha halijachongwa. Nitaisimamisha kazi, matundu yazibuliwe, Curdin arejeshe nyasi zake. Mradi wangu wa kwanza utakuwa umekufa, nami nitastahimili. Mama Mkubwa nitamtafutia sababu ya kitaalamu, ya chumvi au ya unyevu. Lakini nakutahadharisha kwamba hataiamini. Si mwepesi wa kuamini, nami nadhani nimerithi kwake.

Ikiwa nia unayo, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na neno baridi lisiwemo.

Mama anakusalimu sana na anakutunzia keki ya jozi. Curdin naye anakusalimu, na anauliza kama huko kuna anayepangisha ghala. Mungu aulinde mchana wako na ausahilishe usingizi wako.

Ndimi mpwa wako akupendaye,
Aita

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimerudi ghalani. Nje maji yameganda kwenye birika la ng'ombe. Ndani Mama Mkubwa amewasha jiko dogo la chuma, na tundu limezibwa kwa mbao. Nilivua glovu nikaushika ukuta, upande wa kitanda chako. Ni vuguvugu, Mjomba.