Kadi Iliyotoka Ruangwa

Jumanne, 1 Julai 2025

Toleo jipya la gemu limetoka leo na kompyuta yangu imelikataa. Siyo kuganda kama wiki iliyopita — kulikataa kabisa. Maneno meupe katikati ya kioo kwamba kadi ya picha haina uwezo. Kadi hiyo ndiyo kipande cha ndani kinachochora kila ninachokiona, na yangu ilikuwa mtumba tangu naipata. Mistari ya zambarau kwenye kioo ilianza Ramadhani.

Mashindano ya wawili wawili ni tarehe 19. Tumeshajiandikisha: mimi Ufuta, mwenzangu Mbwemkuru. Mwaka na nusu tunacheza pamoja, kila nikifunga steshenari mpaka Magharibi. Sijawahi kumwona. Jina lake halisi sijui. Najua sauti yake, najua anaishi Ruangwa mjini, najua hakimbii mwenzake akizingirwa. Basi. Na tangu mwisho wa Mei hajaingia hata mara moja. Kwa hiyo sina kadi, sina mwenza!

Mama anasema mashine ni ya kutolea kopi na kuchapa barua za watu, na kwa kopi mbona inatosha. Kweli inatosha. Kutwa nachapa mambo ya wengine — maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi. Ile saa moja na nusu ndiyo yangu.

Alhamisi, 3 Julai

Fundi Eusebio alikuja saa sita, akafungua kompyuta juu ya meza ya kulaminishia. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kadi inakufa, anasema. Kuna njia mbili: nitafute ndogo isiyohitaji umeme wa ziada, ambayo mwakani nitaitupa tena, au nichukue kubwa ya kudumu, nihangaike nayo kuiingiza. Nikamuuliza yeye angefanya nini. Akasema yeye angenunua pikipiki.

Kwenye grupu la WhatsApp la vifaa mtu ametangaza kadi kubwa. Yuko Ruangwa. Nikapiga, akapokea mwanamke. Anaitwa Sabaha. Kadi ni ya mume wake, ameitangaza bila kujua inaitwaje, jirani ndiye aliyemwandikia. Nitaenda Jumamosi. Sinunui kitu sijakiona kikiwaka.

Halafu jambo lingine. Gemu halifunguki kwangu lakini sehemu ya maongezi inafunguka, ile ambayo hata kwenye simu hufunguka. Alasiri nilikuwa naangalia tu — nukta ya kijani mbele ya Mbwemkuru! Nikamwandikia: Niaje, umepotelea wapi? Dakika mbili, tatu. Nukta ikazimika. Lakini yupo.

Jumamosi, 5 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilipanda Noah ya asubuhi, saa nne nikawa Ruangwa. Sabaha alinisubiri barabarani, nyuma ya soko. Rika langu. Mwembamba, ushungi umefungwa kwa haraka. Uani kwao ufuta umesimamishwa kukauka, na mtoto wa miaka kama minne, Raudha, anaufukuzia kuku. Nikakaribishwa chai na mihogo. Nikamwambia nataka kwanza niione kadi ikifanya kazi ndani ya mashine ya mwenyewe. Akasema sawa dada, mimi hata kuiwasha sijui vizuri, wewe utajua.

Nikaiwasha. Feni zikazunguka, safi kabisa, hata huzisikii. Picha kali. Na gemu likafunguka lenyewe, kama alivyoliacha mwenyewe. Kwenye kona: Mbwemkuru.

Nikafanya kama nakagua rangi.

Sabaha alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwenye orodha ya marafiki wa huyo bwana jina lilikuwa moja tu. Akalisoma taratibu kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Akasema, "Huyo Ufuta nilikuwa namsikia akimwita humu kila jioni. Sijawahi kujua ni nani."

Nikasema, "Kadi ni nzima. Naichukua."

Ndivyo nilivyosema. Mimi, Munira. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi, tukacheka, ikaisha. Sikusema.

Mengine alinieleza huku nafungua skrubu. Mume wake anaitwa Ismaily. Tarehe 24 Mei aliaga anakwenda Namungo kwenye dhahabu, wiki mbili tu, akirudi wanapaua nyumba. Simu haipatikani tangu siku ya tano. Sabaha akamfuata Namungo. Watu wa mashimoni wakamwambia alishaondoka na kundi la kwenda Tunduru. Kwa hiyo anauza kadi apate nauli ya kumtafuta Tunduru, na mtoto atamwacha kwa mama yake mzazi, kijijini Mbwemkuru. Kompyuta yenyewe hauzi. Anasema mwenyewe akirudi akute kitu chake.

Ndugu wa mume wameshaanza kuzungumza kwa sauti za chini akiingia. Hakuniambia wanazungumza nini. Akaniambia tu, "Ismaily angekuwa hai angepiga. Mimi nakwenda kutafuta nijue amezikwa wapi."

Na juzi mimi nimeiona nukta ya kijani.

Nikalipa, nikaifunga kadi kwenye kanga, nikarudi Nachingwea. Njia nzima nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Jumapili, 6 Julai

Huenda siyo yeye. Huenda kuna mtu ameiba neno lake la siri. Inawezekana.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sikufungua duka. Eusebio amekuja kufunga kadi na imeshindikana. Kwanza ndefu, inagonga kwenye kibati cha ndani — hicho amekikata kwa msumeno. Pili, na hii ndiyo kubwa, kadi inataka waya wake wa umeme na pawa saplai yangu haina. Lile boksi la umeme ni dogo, la ofisini. Eusebio anasema inaungwaungwa kwa waya mwingine, ameshafanya hivyo mara mbili. Nikamuuliza hizo mbili ziko wapi sasa. Akacheka. Nikamwambia asubiri. Tukarudisha kadi ya zamani.

Alipoondoka nukta ikawaka tena. Safari hii niliwahi. Nikampigia humohumo, akapokea. Ni yeye. Sauti ileile! Ananiita Ufuta kana kwamba tuliachana jana. Nilikuwa nimejipanga kumuuliza yuko wapi, nikajikuta namuuliza habari za waya. Akasema, "Ufuta, usithubutu. Ukiunga utaunguza kadi, mashine na duka la watu. Tafuta pawa saplai ya maana." Akanifundisha nisome namba za ubavuni, akanieleza namna ya kuupitisha waya nyuma. Mvumilivu kama siku zote. Akauliza nimepata kadi gani. Nikamtajia. Akasema aa, kama yangu, hiyo haikuangushi.

Nikamuuliza uko wapi. Akasema, "Nipo."

Hapo ndipo nikasikia mwanamke, karibu kabisa na maiki. Anamwambia maji ya kuoga yanapoa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema hivyo kila siku.

Maiki ikazimwa. Nukta ikazimika.

Jumanne, 8 Julai

Nimeharibu barua tatu leo. Mwalimu mmoja kaandikiwa mshahara wa mwenzake.

Nikimwambia Sabaha, atauliza najuaje. Nitamjibu mimi ndiye Ufuta. Atauliza kwa nini sikusema pale, mbele ya kompyuta, na hapo nitasema nini? Mwanamke wa miaka ishirini na sita, hana mume, kila jioni yuko na mume wa mtu kwenye hedifoni — nani ataamini tulikuwa tunapiga risasi maadui wa kuchora? Mama mwenyewe sidhani kama ataamini. Nachingwea na Ruangwa ni mji mmoja habari ikishatembea.

Nisipomwambia, atakwenda Tunduru kutafuta kaburi.

Nilimpigia. Nia ilikuwa kusema. Nikaishia kumuuliza kama kwenye mashine ya mume wake kuna pawa saplai. Akaniita dada, akasema chukua, bila kadi itafanya kazi gani, nakuazima tu, akirudi mtaongea wenyewe. Akirudi! Hapohapo anatafuta kaburi. Nadhani yote mawili anayaamini kwa pamoja. Ataniletea mwenyewe Jumamosi, kwa sababu njia yake ya Masasi na Tunduru inapita hapa.

Mama ameniuliza mara mbili naumwa nini. Nikasema kichwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia Ismaily. Kwa maandishi, sauti ningeshindwa. Nikaandika: Kadi niliyonunua ni yako. Ameniuzia Sabaha. Anaamini umekufa.

Nikakaa naangalia. Kulikuwa na mteja anataka picha za pasipoti, nikamwambia umeme mdogo, arudi kesho.

Robo saa nzima. Kisha: "Raudha hajambo?"

Nikajibu hajambo, anafukuza kuku.

Kisha yakaja mfululizo. Kwamba aliondoka na maneno mengi sana, bati, milango, kila kitu, na hakupata chochote. Kwamba kila siku alisema kesho nitapiga, na kila kesho ikawa nzito kuliko jana. Kwamba sasa hana uso. Kuhusu yule wa maji ya kuoga hakugusa, na mimi sikuuliza. Mwishoni akaandika: "Nakuomba, usimwambie umeniona. Na asije huku, Tunduru ni kubwa, hatanipata."

Nimeisoma mara nyingi. Mimi sikumtajia Tunduru.

Kwa hiyo anajua anatafutwa na anajua anatafutwa wapi. Mtu amempelekea habari, labda hao wa Namungo. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Bado namhurumia, na hilo linanikera. Huyu huyu aliyekuwa akirudi kuniinua mimi kwenye gemu, hata kama naye atakufa. Mara ngapi! Nilidhani namjua.

Sikumjibu.

Ijumaa, 11 Julai

Eusebio atakuja kesho saa nane. Nimemwambia Mama awe nyumbani, kuna mgeni atakayepumzika.

Nimemwandikia Ismaily: Kesho saa kumi kamili ingia, tujaribu kadi. Akajibu: Poa Ufuta. Akaongeza: Asante.

Ananishukuru kwamba nitanyamaza. Mimi sikusema nitanyamaza. Sikusema kitu. Nimeandika tujaribu kadi, na kweli tutajaribu kadi.

Sijui kama nimefanya uamuzi au nimeweka tu siku.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika haraka, hapa hapa dukani.

Sabaha alifika saa saba na nusu. Begi moja, na pawa saplai ameifunga ndani ya kanga na gazeti. Mtoto amemwacha kwa bibi yake jana. Aliyelia, anasema, ni yeye, siyo mtoto. Mtoto alikimbilia kuku. Mama alitaka ale wali, akala vijiko vitatu kwa heshima.

Eusebio amefunga kila kitu kwa saa moja na nusu. Waya umepita nyuma vilevile nilivyofundishwa. Nilipobonyeza kitufe sikusikia kitu, nikadhani imekufa, kumbe ndivyo ilivyo, imenyamaza tu. Kisha gemu. Jamani! Majani yanatikisika moja moja. Maji yana vivuli. Mwaka na nusu nilikuwa nacheza kwenye ukungu. Nilitaka kufurahi. Nusura nifurahi. Eusebio akapiga kioo picha kwa simu yake, akaondoka.

Sabaha alikuwa kwenye kiti cha wateja. Akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Ndiyo hiki alichokuwa anakiona?" Nikasema ndicho. Akasema ni pazuri. Akasema basi siyo ajabu.

Nikaanza. Nikasema Mama Raudha, kuna jambo. Akanitazama, na nikaona hofu yake jinsi ilivyo karibu, kama mtu anayejua daktari anataka kusema nini. Nikasema huyo Ufuta uliyemsoma — ni mimi.

Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu mwaka juzi mwishoni, mchezo tu, sijawahi hata kumwona uso. Akaendelea kunitazama. Kisha akasema wakati wa Alasiri umeingia, atanisikiliza akishaswali, na niliyobaki nayo niyaseme yote, gari lake ni saa kumi na moja.

Yuko chumba cha nyuma. Mkeka wa Mama. Namsikia anavyoinuka na kurudi chini.

Saa kumi na dakika mbili. Nukta ya kijani imewaka. Hajachelewa, hajawahi kuchelewa.

Ameandika: Imekubali? Nimeandika: Imekubali.

Naweza kumwambia atoke. Neno moja tu. Naweza kumwonya kwamba hayuko peke yake na mimi. Alikuwa mwenzangu. Vidole viko juu ya herufi na haviandiki kitu.

Anapiga. Inaita kwenye hedifoni, mimi peke yangu ndiye ninayeisikia.

Sabaha ametoa salamu. Mkeka unakunjwa.

Nimechomoa waya wa hedifoni. Sasa inaita kwenye spika, duka zima. Ameuliza kutoka mlangoni ni nini hicho. Nimebonyeza kupokea, na sauti ya mume wake imetoka: "Ufuta, upo?"